N95 iko kliniki ya TB, ugonjwa uko benchi ya kasualti: maswali yenu na majibu

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Toleo lililopita niligusia TB kwa wahudumu wa afya mistari miwili mitatu tu, na tangu hapo meseji hazijakatika, Likoni, Kisauni, Changamwe, Nyali, na nyingi zatoka kwa manesi wenyewe na makliniko na watu wa usafi, watu ambao ile hewa ya wodini waivuta kila siku. Nimefurahi na pia nimeingiwa na wasiwasi, manake karibu kila meseji naona jambo moja lajirudia, twajikinga na mgonjwa tunayemjua, na yule hatujamjua bado twakaa naye uso kwa uso bila kitu. Majina na hospitali nimeacha nje, tuingie kwa maswali.

Sista, mimi ni nesi wa kasualti. Kwetu N95, zile maski za kuchuja hewa, wapewa watu wa kliniki ya TB peke yao, sisi tuna zile maski za bluu na hata hizo kuna siku hakuna. Mwenzangu wa shifti moja ameanza dawa za TB juzi na hajawahi kufanya kliniki ya TB hata siku moja. Semina tumeenda, tunajua TB inapita kwa hewa, sasa mbona bado twaugua? (Nesi, Likoni)

Pole sana dadangu, na mwenzako mwambie dawa ni miezi 6, asikatize hata akijisikia mzima mwezi wa pili, na asione haya manake hakukosea mtu.

Hebu fikiria nani yuko kliniki ya TB. Ni mtu ashapimwa, ashaanza dawa, na dawa zikimkubali uwezo wake wa kuambukiza washuka haraka sana. Sasa geuka uangalie benchi yako ya kasualti. Kuna baba amekaa hapo tangu asubuhi, kadi yake imeandikwa homa na mwili kuuma, amekohoa wiki tatu na hakuna aliyemuuliza, kulia kwake mama na mtoto mchanga, kushoto mzee wa sukari, na wewe umeinama juu yake watafuta mshipa, pumzi yake yote yaja kwako. Huyo ndo wa kuogopwa, na kwake umeenda na maski ya bluu au huna kabisa.

Hili limejulikana zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kule Baltimore, Marekani, daktari Richard Riley na wenzake walichukua hewa inayotoka wodi ya TB wakaipeleka chumba kingine walikofuga simbilisi wa maabara. Wale wanyama hawakuguswa na mgonjwa hata mmoja na bado waliambukizwa, hewa peke yake ilitosha. Na walipofuatilia waliona maambukizi mengi yametoka kwa wagonjwa wachache, hasa wale ambao hawajaanza dawa au dawa haziwafai kwa sababu bakteria ni sugu. Miaka mingi baadae, 2006, ikatoka ile habari ya Tugela Ferry, Afrika Kusini, hospitali ya mashambani, wagonjwa 53 wa TB sugu kupindukia na 52 kati yao wakafa, na miongoni mwao walikuwamo wahudumu wa afya. Wengi wa wale wagonjwa walikuwa washalazwa hospitali kabla. Mimi hiyo habari kila nikiikumbuka moyo waniuma, manake mtu alikuja kutafuta tiba.

Umesema semina mumeenda, nami naamini, ukiuliza darasani TB inapita vipi mikono yote iko juu. Lakini kuna pahali ule ujuzi wachanganyika. Wengi hawatofautishi matone na hewa. Matone makubwa ya kikohozi huanguka karibu, lakini yale madogo kabisa yakikauka hubaki yakielea masaa, ni kama udi, uchome chumbani kisha uondoe chetezo, mtu akiingia baadae bado ausikia. Kwa hivyo kukaa mita moja mbali hakutoshi, na kunawa mikono, ambako ni lazima kwa mambo mengine mengi, hakuzuii TB kabisa. La pili ni maski. Ile ya bluu kazi yake kubwa ni kumzuia anayekohoa asimwage hewani, ivikwe mgonjwa. Wewe unayevuta hewa ndo wahitaji N95, ile inachuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, na inafanya kazi tu ikishika uso pande zote. Mara ngapi nimeona kinyume, nesi amevaa ya bluu na mgonjwa wa kikohozi hana kitu!

Sasa tufanye nini. Shirika la Afya Duniani limepanga kinga za TB kwa safu, na maski ni safu ya mwisho. Ya kwanza ni mpangilio wa kazi: mtu mmoja pale mlangoni, awe askari au mtu wa kadi au yeyote, auliza kila anayeingia wakohoa? tangu lini? Akisema ndio apewa maski ya bluu, akaa benchi ya nje penye upepo, na aonwa mwanzo kabla ya wengine (najua watu wa foleni watalalamika, waelezwe tu kwamba akitoka mapema wao ndo wasalimika). Makohozi yatolewe nje, si chooni. Mashine ya GeneXpert, ile ya kupima TB kwa makohozi, yenyewe yatoa majibu kwa kama masaa 2, lakini sampuli ikikaa kaunta mpaka kesho kusubiri pikipiki hiyo ni siku nzima huyo mtu yuko wodini yuwakohoa. Safu ya pili ni hewa, nitaieleza swali linalofuata. Maski yaja mwisho.

Kwa hivyo kesho ukienda kazini, kabla hujaanza kupigania N95, muombe inchaji akupe benchi moja tu nje na mtu mmoja wa kuuliza kikohozi. Kisha zipiganie na N95 pia, manake hata mkiwa kasualti ni haki yenu. Na wewe mwenyewe kapimwe, wewe na wote wa ile shifti, hata kama hakuna anayekohoa. Dawa za kuzuia TB zipo kwa anayestahili, na kama kuna mwenzenu anaishi na HIV ana haki ya kuomba ahamishwe mahali penye hatari ndogo bila kuulizwa maswali mbele ya watu.

Sista, mimi nafanya kazi zahanati ya binafsi Nyali. Chumba cha daktari kina AC na bosi hataki dirisha lifunguliwe, asema twapoteza stima. Nikifungua naonekana mkaidi. AC si yasafisha hewa? (Mhudumu, Nyali)

La, haisafishi. Hizi AC za ukutani nyingi zavuta hewa ile ile ya chumbani zaipoza zairudisha, hakuna hewa mpya inayoingia. Mgonjwa wa saa mbili asubuhi akikohoa, hewa yake mwaishiriki nyote mpaka saa sita mchana, ila mwaivuta ikiwa baridi. Najua joto la kaskazi, najua Januari na Februari chumba chafukuta na daktari amevaa koti, simlaumu mtu kutaka AC, lakini chumba cha watu wanaokohoa hakifai kufungwa.

Kuna utafiti wa Lima, Peru, ulitoka 2007, walipima hewa kwenye mahospitali, wakaona ukifungua madirisha na milango yote chumba chapata hewa mpya mara nyingi zaidi kwa saa kuliko hata vyumba vya mashine ya kupitisha hewa, na wodi zilizokuwa bora kuliko zote zilikuwa za zamani, zilizojengwa kabla ya 1950, dari juu, madirisha makubwa pande zinazotazamana. Sisi watu wa Mombasa twayajua hayo majengo, wazee walijenga kwa kufuata upepo. Siku hizi twaleta jengo la vioo visivyofunguka kisha twatafuta pesa za mashine. Na hata pale dirisha lipo utakuta kabati la mafaili limewekwa mbele yake, au maboksi ya dripu yamepangwa mpaka juu, au lilipigwa rangi likaganda na hakuna aliyeligusa tena. Nendeni mukaangalie kwenu leo.

Jaribio ni rahisi. Washa kijiti cha ubani usimame pale daktari anapokaa, uangalie moshi waenda wapi. Watakiwa utoke upande wa daktari upite kwa mgonjwa utoke dirishani. Ukiona unatoka kwa mgonjwa waja usoni kwa daktari, geuza meza. Kugeuza meza hakuna gharama. Feni nayo iwekwe nyuma ya mhudumu isukume hewa nje, si ile ya kuzunguka katikati ya chumba madirisha yakiwa yamefungwa, hiyo yachanganya tu. Upepo ukibadilika, kusi ikiingia, jaribu tena manake huenda meza ikataka kugeuzwa upande mwingine.

Usiku wodini watu hufunga madirisha sababu ya mbu, na hapo nawaelewa, lakini neti ya kitanda ndo jawabu, au wavu wa dirishani, wavu wapunguza upepo kidogo lakini si sawa na kufunga. Kuna msomaji mwingine aliuliza kuhusu zile taa za UV za juu ya ukuta, za kuua vijidudu vya hewani. Zasaidia, ila nguvu yake hupungua unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 70, na sisi huku unyevu huo ni wa kila siku, kwa hivyo musiache dirisha kwa kutegemea taa.

Bosi wako mwambie hivi: bosi, tuweke AC kwa chumba cha dawa, chumba cha kikohozi tufungue. Akikataa muoneshe ule moshi.

Sista, mimi ni kliniko na nafuga ndevu kwa ajili ya dini. Nimeambiwa N95 hainishiki. Je nivae tu hivyo hivyo? Na akina dada wa hijabu je? (Kliniko, Kisauni)

Ahsante kwa kuuliza kaka, wengi wanyamaza. Ukweli ni kwamba nywele zikipita pale ukingo wa maski unapogusa ngozi, hewa yaingia pembeni, na maski hapo yakupa utulivu wa moyo bila kinga. Jipime mwenyewe: vaa, bana kile chuma cha puani kwa vidole vya mikono miwili, funika maski kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu. Ukisikia upepo karibu na macho au kidevuni, haijashika. Hilo ni la kila mara uvaapo na ni la kila mtu, hata asiye na ndevu, manake nyuso hazifanani na saizi moja haiwatoshi wote, ndio maana kipimo rasmi cha kushika kwa maski kingefaa kila hospitali ikifanye kabla ya kununua maboksi kwa maboksi ya aina moja.

Mimi sitakuambia unyoe, hiyo ni baina yako na Mola wako. Zipo kofia za kupuliza hewa iliyochujwa ambazo hazijali ndevu, lakini ni ghali na huku ni nadra. Uingereza wakati wa korona wahudumu wa afya wa Kisingasinga walijaribu kufunika ndevu kwa bendi pana ya mpira inayofungwa juu ya kichwa kisha maski ya kuchuja hewa juu yake, na wengi wao walifaulu kipimo, lakini bila kipimo usijiamini. La muhimu zaidi ni uongee na inchaji waziwazi, usipangwe chumba cha kutoa makohozi wala cha kumvuta mgonjwa makohozi kwa mashine, na chumba chako kiwe na upepo kuliko vyote.

Kwa akina dada, mikanda ya N95 ikae kichwani, mmoja juu na mmoja chini ya masikio, kisha hijabu ije juu yake. Kitambaa kisiingie chini ya maski hata kidogo, na wanaovaa nikabu maski iguse ngozi kwanza, nikabu juu.

Na jamani, ile N95 ya kutundikwa kwa msumari kaunta ya manesi, mikanda ishalegea, ndani ina alama ya lipstiki na jasho, hiyo ni ya kutupa. Kama ni chache na lazima uirudie, iweke kwa bahasha ya karatasi yenye jina lako, si mfuko wa plastiki, na ikilowa tu kazi yake imekwisha. Joto letu hili hulowa mapema. Atakayekuambia moja ni ya wiki mbili hajawahi kufanya kazi wodini Mombasa mchana.

Mimi ni mtu wa usafi, mkataba wa kampuni. Mgonjwa akitolewa chumba cha kutengwa naitwa papo hapo nipige deki kitanda kitumike. Hakuna anayeniambia alikuwa na nini. Nina maski ya bluu na glavu. (Changamwe)

Ndugu yangu swali lako limenikera kwa niaba yako. Mgonjwa ametoka lakini hewa yake haijatoka. Chumba chenye kubadilisha hewa mara 12 kwa saa chahitaji kama dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya vijidudu vya hewani, cha mara 6 kama dakika 46, na chumba kilichofungwa ambacho hewa haipiti hakuna anayejua ni lini. Surua peke yake yaweza kubaki hewani mpaka masaa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu na mwenye surua 9 huambukizwa. Kwa hivyo mlango ufungwe, madirisha yafunguliwe, musubiri. Kama hawawezi kusubiri basi uingie na N95 iliyoshika, si ya bluu.

Na una haki ya kujua, si jina la ugonjwa wa mtu ila aina ya kinga. Bango mlangoni latosha, "kinga ya hewa, N95 kabla ya kuingia", na liandikwe Kiswahili manake nimeona mengi ni Kiingereza kitupu na wanaoingia humo zaidi ni nyinyi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, na kampuni ya mkataba haijasamehewa. Hospitali zikifanya semina za kinga huita manesi na madaktari, mtu wa usafi, mtu wa chakula, mpiga eksirei, mbeba mgonjwa wanasahaulika, na hewa ni ile ile moja. Onesha hili jibu kwa supavaiza wako, na mwende pamoja kwa nesi wa kuzuia maambukizi.

Mjomba wangu ana TB, yuko mwezi wa pili wa dawa. Tukimpeleka kliniki manesi wasimama mbali wamtupia maswali, na kikombe chake wakatwambia tukitenge. Alilia njiani. (Mpwa, Mji wa Kale)

Mpe salamu zangu mzee, na poleni. TB haiambukizi kwa kikombe wala sahani wala kumshika mkono. Mtu aliye mwezi wa pili, dawa ameza vizuri, makohozi yamepimwa na yaonesha dawa zamfaa, huyo si wa kutupiwa maswali kutoka mlangoni. Nyumbani fungueni madirisha, watoto wadogo walio nyumba moja naye wapelekwe wapimwe, mle naye.

Wakati wa kukaa ndani na watu mwanzoni mwa dawa, maski ya bluu kwake yasaidia sana. Utafiti wa Afrika Kusini uliotoka 2012 ulionesha wagonjwa wa TB sugu wakivaa zile maski za kawaida maambukizi kwa wanyama wa majaribio yalipungua kwa asilimia 56. Ila avikwe kwa heshima, aelezwe ni kwa ajili ya wenzake wa foleni, asitupiwe. Na hao hao manesi waliosimama mbali naye, nina hakika asubuhi ile ile waliwahudumia watu kumi wanaokohoa ambao hawajapimwa, karibu kabisa, bila maski. Siwasemi kwa ubaya, ni wenzangu, ni woga uliokosa kuelekezwa.

Nilichanjwa BCG, ile chanjo ya TB, utotoni, kovu liko mkononi. Bado nahitaji N95? (Maabara, Tudor)

Ndio. BCG huwakinga watoto wadogo na TB kali ya ubongo na ya kusambaa mwilini, kwa mtu mzima haitegemewi. Surua na tetekuwanga ndo tofauti, hizo kama ulichanjwa au uliugua una kinga, na hospitali ingefaa ijue nani anayo ili asiye nayo asipangwe kwa mtoto wa surua.

Niko mwanafunzi wa unesi, nimepelekwa wodi ya wanaume kujifunza. Nilinunua N95 kwa pesa yangu, nesi mkubwa akaniambia nivue natisha wagonjwa. Nilivua. Nilikosea? (Mwanafunzi)

Hukukosea mwanangu, uliamrishwa na mkubwa wako, mtu wa miaka yako hajui aseme nini hapo. Mara nyingine mwambie kwa adabu, shikamoo sista, naomba nibaki nayo niko karibu na anayekohoa na bado hajapimwa. Mgonjwa naye mwambie mwenyewe ukifika kitandani, baba hii navaa kwa kila anayekohoa, si wewe peke yako, na hakika wengi wakielezwa hawaoni ubaya.

Na nyinyi dada zangu wakubwa wa wodi nawaomba kwa dhati, mwanafunzi ajifunza kwa kuangalia uso wako kuliko kitabu chake. Ukiingia kwa anayekohoa bila kitu kwa sababu "nimezoea", yeye atazoea pia, miaka 30 ya kazi yake yote. Hakuna anayezoea TB. Kinga ya mwili hapati mtu kwa kuzoea.

Wewe mwanafunzi mjulishe mwalimu wako wa chuo, aandike barua hospitali, manake pahali pa mafunzo pafaa kuwa na N95 za wanafunzi pia. Ukianza kukohoa wiki mbili, au jasho la usiku, au kukonda bila sababu, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, usijitibu na dawa za kifua za dukani. Vipimo na dawa za TB ni bure hospitali za serikali.